Mfuko Niliorudisha na Ndengu

Jumatatu, tarehe 5 Januari

Mueni ameanza shule! PP1, ile ya chekechea. Sweta inamfika magotini, nilinunua kubwa ili akue ndani yake. Hakulia. Mimi ndiye nililia – pale getini, mbele ya watu, kama mtoto.

Halafu hii lazima niandike nisije nikasahau. Wazazi wa watoto wapya tuliitwa majina, mmoja mmoja, na Mwalimu Wavinya. Nikajua ni orodha ingine. Shule kazi yake ni kukupa orodha – sabuni, tishu, rimu ya karatasi. Kumbe! Ni zawadi. Mfuko mdogo wa kitambaa cheupe, una kamba ya kufunga, na kikaratasi kimening'inia kimeandikwa "Mzazi wa Mueni Nzioka". Ndani tishu, majani ya chai ya kikombe kimoja, peremende moja. Na kadi ya Kizungu. Nikamwomba Mwalimu anisomee. Akasoma pole pole, hakuniangalia vibaya. Kadi inasema mzazi ufute machozi, uende nyumbani ukanywe chai, mtoto yuko kwa mikono mizuri.

Nikalia tena.

Mimi shule niliiacha darasa la tano nikachunge ng'ombe. Hakuna aliyeniambia hata kwaheri. Leo shule imenipa chai. Nimeinywa peke yangu jioni, Nzioka yuko kazini Mavoko mpaka Jumamosi. Peremende nimempa Mueni.

Jumanne, tarehe 6 Januari

Mfuko nimeufua na kuupiga pasi. Sitaurudisha mtupu. Mama yangu alikuwa anasema chombo cha mtu hakirudi kikilia. Ukiletewa unga kwa kiondo, kiondo kinarudi na kitu, hata kama ni maembe mawili. Kwetu Kalama mtoto wa miaka sita anajua hilo.

Nimeweka ndengu mpya, zile tulivuna juzi. Nimechagua moja moja. Jiwe hata moja hakuna. Umejaa mpaka kamba imefungika kwa shida.

Nimewaza – ama watu wa town huwa hawarudishi? Nikauweka mlangoni. Nikautoa. Nikaurudisha. Mwisho nikasema, chombo ni chombo.

Jumatano, tarehe 7 Januari

Nimepeana. Mwalimu Wavinya aliangalia mfuko, akaniangalia mimi, akaangalia mfuko. Halafu akacheka vizuri, akasema ai, Mama Mueni, na hukuwa na haja! Akaupokea na mikono miwili. Huyo amelelewa.

Linet alikuwa hapo. Linet ni mke wa Muthoka, yule mjukuu wa nyanya yetu wa Kalama, Susu Kasiva, tunaabudu kanisa moja na huyo mama. Mtoto wa Linet, Shantel, yuko darasa moja na Mueni, na yeye Linet ndiye mwenyekiti wa wazazi wa PP1. Mwalimu alipoweka mfuko mezani akakimbia kuamua watoto wanavutana nywele, Linet akatoa simu. Nikafikiri anapiga simu. Nikamsalimia kwa Kikamba. Akanijibu Kizungu. Nikasema yes.

Sijui hata aliuliza nini.

Alhamisi, tarehe 8 Januari

Niandike tu.

Kasyoki, jirani yangu anayeuza mandazi, mtoto wake pia yuko PP1. Amekuja saa kumi na simu yake kubwa. Mimi niko na kabambe, simu ndogo ya kubonyeza, siko kwa hiyo grupu ya wazazi. Akasema keti kwanza. Nikajua kuna mtu amekufa.

Ni mfuko wangu. Picha. Umefunguliwa, ndengu zinaonekana, na kile kikaratasi kimegeuzwa kiangalie watu – Mzazi wa Mueni Nzioka. Chini Linet ameandika: "Wazazi, hii ni zawadi, si debe ya kupimia ndengu. Nani atamwambia?"

Watu wamecheka. Hizo sura za njano zenye machozi, zimejaa mpaka Kasyoki akachoka kusukuma na kidole. Mwingine ametuma sauti anacheka tu, hasemi kitu, anacheka mpaka anakohoa. Mwingine ameuliza kama mwaka ujao tutarudisha na kuku.

Mwalimu Wavinya peke yake ndiye aliandika kwamba yeye ameshukuru na ndengu ni tamu. Hakuna aliyemjibu.

Linet! Wewe umeolewa Kalama! Ungekuwa mgeni ningesema hajui.

Nimemwambia Kasyoki sina neno, Mungu yupo. Alipotoka nikapiga sufuria teke. Kidole kimevimba.

Ijumaa, tarehe 9 Januari

Mueni amekataa shule. Amelala juu ya sweta hataki nimvalishe. Nikamuuliza nani amekuchapa. Hakuna. Basi ni nini, mama? Akasema saa ya kula watoto wanamwimbia. "Ndengu bila chapo! Ndengu bila chapo!" Aliyeanza ni Shantel.

Mtoto wa miaka minne ametoa wapi hayo kama si kwa mdomo wa mama yake?

Siku ya tano! Siku ya tano ya shule na mtoto wangu ameshajua kuona aibu. Mimi nilichukua miaka mitano kuchoka na shule. Yeye siku tano.

Nimembeba mgongoni mpaka getini, mtu mzima wa PP1. Amelia. Sasa ndiyo ningetaka ile tishu.

Jioni msichana wa kazi wa Linet akaja kwa kibanda changu cha mboga kama kila Ijumaa, kuchukua sukuma wiki za tajiri wake. Nikamfungia zile za chini kabisa, ngumu kama soli ya kiatu. Na nyanya nikachagua – kama nilivyochagua ndengu, moja moja, lakini upande ule mwingine. Msichana akauliza, mama, hizi si zimelala? Nikamwambia zimelala, ukizipika zitaamka.

Nilijisikia vizuri kwa dakika kama kumi. Haitoshi.

Jumamosi, tarehe 10 Januari

Nzioka amekuja. Nimemweleza. Akacheka! Yeye pia! Halafu akaona uso wangu akaacha. Akasema hayo ni mambo ya wanawake wa simu, mwachie Mungu. Nikamwambia Mungu ako na kazi mingi, hii naweza kumsaidia.

Nimepika ndengu. Na chapati. Mueni amekula tatu. Nimemwambia ona, sasa ziko na chapo, Jumatatu uwaambie hivyo. Akauliza, na wakicheka tena?

Niko na mpango.

Jumapili, tarehe 11 Januari

Kanisani Kalama. Sijasikia mahubiri hata kidogo, nilikuwa napanga maneno. Tukitoka nikamshika Susu Kasiva mkono nimsindikize. Huyo mama ana miaka themanini na kidogo, ndiye mkubwa wa akina mama wetu, na shamba lote la ukoo wao linasikiliza sauti yake. Watoto wake wanaume wana ndevu nyeupe na wanamwogopa.

Nikamuuliza, Susu, siku hizi mtu akiletewa kitu kwa chombo, anakirudisha vipi?

Akasimama. "Kwani wewe uliolewa na nani, hata hilo hujui?"

"Najua, Susu. Lakini town wanacheka."

"Nani anacheka?"

"Mimi si mtu wa kutaja majina, Susu."

Nikataja.

Nikamweleza yote. Picha, debe, sauti ya kukohoa, wimbo. Mpaka kuku nikaweka. Alipiga fimbo chini mara moja. Halafu akasema, "Kiondo changu kilienda kwa huyo msichana na maembe. Mwaka juzi. Hakijarudi mpaka leo. Mimi nikasema ni kazi mingi."

Hapo ningenyamaza. Ilikuwa inatosha! Lakini ulimi ukanitoka. Nikasema, "Susu, si ndicho ameweka maua ya plastiki pale sebuleni?"

Kasyoki aliwahi kuniambia, alimpelekea Linet mandazi siku moja, aliona kiondo na maua. Kiondo tu. Hakusema cha nani. Machakos hii viondo ni vingapi?

Susu Kasiva akasema, "Maua ya plastiki." Mara mbili. Akaniacha hapo kwa njia akaenda peke yake, haraka, kama msichana.

Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, tarehe 12 Januari

Sijaimba leo. Kile kiondo sikukiona na macho yangu.

Jumatano, tarehe 14 Januari

Imelipuka.

Kasyoki amesikia kutoka kwa msichana wa Linet. Susu Kasiva alipiga simu jana – yeye! mtu ambaye hushikiwa simu sikioni. Jumamosi hii wazee wa ukoo walikuwa wamuonyeshe Muthoka mahali pake pa kujenga. Miaka saba wanangoja hiyo siku, Linet ameshachorewa nyumba kwa karatasi, iko na mpaka choo cha wageni. Susu amesema hakuna kuonyeshwa. Mpaka Linet aingie kwa boma yake akiwa ameshikwa mkono na yule aliyemcheka. Asipokuja na mimi, asije.

Na mimi niseme mbele ya wazee yale nilisema njiani. Yote.

Yote! Asi!

Kasyoki alikuwa anacheka mpaka unga ukamwagika. Ati Muthoka amemkasirikia Linet mpaka amelala kwa kiti. Ati Linet alifuta ile picha kwa grupu saa ile ile. Nikamwambia kufuta ni nini, watu wameshaona. Utafuta macho yao?

Nilisema hivyo na kiburi.

Alhamisi, tarehe 15 Januari

Linet amenipigia mara tatu. Sikushika. Mara ya nne nilishika nikanyamaza, nikamsikia anapumua. Akasema, "Halo? Mama Mueni?" Kwake nimekuwa "mama mboga" siku zote. Nikakata.

Oh, hiyo ilikuwa tamu. Siwezi kudanganya kitabu changu mwenyewe.

Mwalimu Wavinya alinisimamisha getini. Akasema Mueni hachezi, anakaa karibu na meza yake, anamuuliza kila wakati kama saa ya kwenda nyumbani imefika. Akasema watoto husahau wakiona wakubwa wamesahau. Nikamwambia Mwalimu, mimi nikisahau, wao watakuwa wamejifunza nini?

Kengele ikalia, akaenda darasani.

Ijumaa, tarehe 16 Januari

Msichana wa Linet hakuja kuchukua sukuma.

Nimejiuliza kitu kimoja siku nzima. Nataka nini? Sitaki nyumba yake ikose mahali. Hapana, nataka kidogo. Nataka aandike kwa ile grupu, kwa jina la mtoto wangu, watu wale wale wasome. Na Shantel aambiwe na mdomo ule ule uliomfundisha. Hiyo ndiyo nataka.

Na nikifika kule, Susu aniulize, mwanangu, kiondo changu ulikiona wapi? Mbele ya wazee wote. Na Linet amesimama hapo ananiangalia, akijua kama ni kweli ama ni uongo. Yeye ndiye anajua. Mimi sijui!

Nikisema sikukiona, mimi ndiye mwongo wa Kalama, na Mueni atabaki na majina mawili, Ndengu na mtoto wa mwongo. Nikisema nilikiona, na si hicho...

Kama ni hicho, lakini. Kama ni hicho kweli! Nitasimama wima hivi.

Jumamosi, tarehe 17 Januari

Saa mbili asubuhi. Gari limesimama kule nje tangu saa moja na nusu. Ni la Muthoka, nalijua. Wazee wanakaa saa nne.

Nzioka ameshikiliwa na ovataimu, hajafika. Niko na Mueni tu. Anakunywa uji.

Linet anagonga. Kwanza aligonga kama mwenye nyumba. Sasa anagonga na kidole kimoja. Amesema hodi. Amesema hodi tena, na kwa Kikamba – kumbe anakijua! Ananiita mwaitu. Mimi, mama yake? Tumezaliwa mwaka mmoja. Anasema amekosa, anasema nifungue tuongee, jua linachoma. Anasema kitu kingine pole pole sikusikia vizuri, ni kama analia. Ama ni mafua.

Nimevaa. Nilivaa tangu saa kumi na mbili, ile rinda ya kanisani. Viatu nimepaka. Niko tayari kwenda na niko tayari kutoenda. Kitabu kiko kwa goti.

Mueni amesema, mama, kuna mtu. Nikasema nimesikia, maliza uji. Akachungulia chini ya mlango. Ni viatu vya mama yake Shantel, akasema. Nikasema najua. Akauliza, mbona humfungulii?

Nikamwambia alikucheka. Akafikiri. Akauliza kama Shantel pia amekuja. Sijui, nikasema. Labda yuko kwa gari.

Sasa ameweka kikombe chini. Ameenda mlangoni. Komeo liko juu, hafiki. Ameruka mara mbili.

Anagonga tena yule. "Mama Mueni. Tafadhali."

Mueni anavuta kigoda. Ni kizito, anakivuta na mikono miwili, kinapiga kelele kwa simiti. Amepanda. Vidole vimefika kwa komeo.

Sijamkataza.

Wala sijamsaidia.