Presha ya Baba Kwenye Simu

Jumapili, 14 Septemba 2025

Nimechoka, lakini nimemaliza. Kiolezo cha Baba, fomu yake ya kila siku, kipo tayari kwenye ile programu ya kuandikia ya simu. Kila asubuhi ukurasa mpya utafunguka wenyewe: tarehe, dawa, chakula, presha. Wifi Herieth, mke wa kaka Gaspar, ndiye anayeshinda na Baba hapa Madale, atajaza yeye. Mie nikiwa ofisini Kinondoni nafungua ukurasa mmoja tu, wa kwangu, unaovuta presha ya siku hiyo kutoka kwenye ukurasa anaojaza yeye. Herieth kauliza, si anipigie tu? Nikamwambia kazini siwezi kupokea simu kila saa, asipige, aandike.

Jumanne, 16 Septemba

138 kwa 84. Nimeiona nikiwa kwenye foleni ya chai. Inafanya kazi!

Alhamisi, 18 Septemba

138 kwa 84. Baba katulia. Bosi kanibebesha mafaili ya watu wawili walio likizo. Nimefika nyumbani wote wameshalala. Sikumwamsha mtu. Miguu inawaka moto.

Ijumaa, 19 Septemba

138 kwa 84 — tena! Siku ya nne. Presha ya mtu haigandi hivyo. Nikajua tu: Herieth hapimi, anarudia namba ya jana. Nikampigia, nikasema mengi. Hata hili linakushinda? Akasema, "Napima, wifi. Kila asubuhi. Kwani wewe husomi?"

Nikakata simu. Usiku nimerudi, wameshalala tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa nne asubuhi Baba kaangusha kikombe. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hausikii. Herieth kakimbilia bajaji. Mie nimeshika kichwa cha Baba, namwita, haitiki.

Kiharusi, daktari kasema. Presha 196 kwa 112. Akataka vipimo vya wiki nzima, nikafungua simu — safari hii zile kurasa anazojaza Herieth. Sikuwahi kuzifungua hata moja.

Zipo zote. Jumatano 152. Alhamisi 167. Jana 181.

Ni ukurasa wangu. Jumanne, pale pa kuandika "leo", niliandika tarehe 16. Basi ukawa unavuta Jumanne, kila siku Jumanne! Na chini ya Alhamisi Herieth kaandika: Wifi, inapanda, nimpeleke hospitali? Jana tena: Wifi, nijibu basi.

Mungu wangu.

Jumapili, 21 Septemba

Wodini. Baba anafumbua macho, maneno hayatoki. Nesi kauliza nani anamwangalia mzee nyumbani. Herieth akasema, "Mimi." Nesi akaguna: mlikuwa mnapima kweli nyie? Herieth akanitazama. Alikuwa ananisubiri mie. Nami nikainamia begi, eti natafuta kadi ya Baba.

Sijamwambia kuwa kosa ni langu. Tangu jana sijamwambia.

Gaspar yuko Songea, kampigia mkewe. Sauti yake imefika mpaka huku kitandani, anafoka. Herieth kwenye korido: "Haki ya Mungu nilikuwa napima, baba Albano. Muulize dada yako."

Sasa inaita ya kwangu. Gaspar. Herieth karudi, kasimama miguuni pa Baba, mikono kifuani.

Imekatika.

Inaita tena.