Majani ya Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu,

Mguu unaendeleaje? Huko wodini wanakugeuza vizuri au wamekuacha kama gogo? Sisi wazima, ila mafua yamenishika nikiwa na mengi ya kusema, ona balaa!

Wifi hajambo. Ndiyo, huyo farasi wako namwita wifi, maana mke mwingine umekataa kuoa. Anakula, anakunywa, na mkokoteni upo pembeni unakusubiri upone. Nyasi kavu ulizoacha zinaelekea kwisha, lakini dada yako ana akili. Ile nyumba yenye ukuta mrefu wamenunua mashine ya kukata majani, inakoroma kuliko marehemu baba. Majani yanatoka laini, yamekatikakatika kama mboga, eti wanayatupa! Nikaomba, nikashindilia magunia, nikafunga. Leo kufungua, yana joto kama mkate wa sasa hivi. Wifi kala, hakuinua kichwa!

Basi nikawatangazia wanawake wote bombani, na kila mwenye majani kaahidi kumletea. Fundi cherehani je, umesikia kamrudia mumewe? Hiyo nitakusimulia ukirudi.

Dada yako

Alhamisi, 6 Juni

Dada, shikamoo.

Mguu achana nao. Barua yako nusura inishushe kitandani na plasta yangu. USIMPE TENA HAYO MAJANI!

Majani marefu ya kukata kwa mundu, mabichi ya saa ile ile, anatafuna vizuri. Ya mashine ni vipande vidogo, anafakamia bila kutafuna. Yakilundikwa yanapata joto, yanachacha, na yakishafika tumboni yanajaza gesi. Farasi hawezi kutapika, dada. Kikiingia kibaya hakirudi juu. Tena huwezi kujua wamekata na maua gani ya sumu humo.

Nyasi kavu zikiisha, nunua nyingine. Huyo akifa mimi sina kazi. Mkokoteni nitauvuta kwa mguu upi?

Barua nampa kondakta wa basi.

Mdogo wako

Jumamosi, 8 Juni

Mdogo wangu,

Salamu leo sina, nisamehe.

Kondakta kanipa barua yako jana mchana. Nikaisoma nimesimama mlangoni, herufi moja moja, jasho likinitoka. Magunia yangu nikayakokota mpaka jalalani. Nikasema haya, yameisha.

Kurudi bandani, mama yangu! Majani yamejaa hadi magotini. Watu wameyamwaga ndani kupitia juu ya ua wakati sipo, kila mtu na ndoo yake. Fundi cherehani kaleta beseni zima la kuogea mtoto! Na wifi yuko chini, anageuka kulitazama tumbo lake, anagaagaa, kalowa jasho kama kanyeshewa.

Nilipiga ukelele, mtaa wote ukaja. Daktari wa mifugo kamwingizia mpira puani mpaka tumboni, ikatoka hewa inanuka tukakimbia. Akauliza, "Nani kamlisha haya?" Nikamwambia, "Daktari, ni mdomo wangu."

Anasema tumbo limenyamaza, halina hata mlio. Lisipofunguka, nikuandae. Nitakuandaaje mtu aliye kitandani?

Kondakta anapiga honi.

Dada yako

Jumapili, 9 Juni

Dada,

Mzima au kafa? Niandikie hilo tu. Usinizungushe.

Mdogo wako

Jumatatu, 10 Juni

Mdogo wangu,

AMEKUNYA!

Shikilia kitanda nikwambie. Daktari kaweka sikio tumboni, na sisi wote kimya. Mtaa huu kimya! Tangu nihamie hapa sijawahi kuona. Mara mkia ukainuka. Pu! Pu! Fundi cherehani akapiga vigelegele. Vigelegele, mdogo wangu, kwa mavi! Muuza mkaa kamkumbatia daktari hadi koti limekuwa jeusi, na daktari mwenyewe anacheka, "Limefunguka! Limefunguka!"

Wifi kasimama. Anapewa nyasi kavu kidogo kidogo, zimeloweshwa, na daktari atapita kesho tena. Leo bombani nimesimama juu ya ndoo nikawaambia: atakayeleta hata jani moja, aanze kwa kunipitia mimi.

Mguu wako sasa unaendeleaje? Mimi leo nimeshindwa hata kupika. Na kila anayepita mlangoni ananipa mkono, "Hongera, mama, hongera," utadhani nimejifungua.

Dada yako