Kiboko Mdogo Atakula kwa Nani

Malaba, Jumapili

Bado nimemkasirikia mume wangu, Wandera, ingawa nacheka nikiandika.

Mchapishaji wa Nairobi anataka nibadilishe mwisho wa hadithi yangu ya kiboko mdogo, kwa sababu mama yake anakufa. Nimekataa wiki nzima. Mimi mwenyewe nilifiwa na mama nikiwa mdogo, na sikupenda watu waliponidanganya kwamba amesafiri.

Leo nimetoka kanisani nikamkuta akimsomea binti yetu Nekesa karatasi zangu. Mtoto alikuwa analia.

"Nyamaza, mama," Wandera akambembeleza. "Hakufa. Amevuka tu mpaka kwenda Uganda, atarudi."

"Usimdanganye!" nikafoka pale mlangoni. "Alikufa."

Nekesa akanigeukia, kamasi zikimtoka. "Sasa mtoto wake atakula kwa nani?"

Nimeandika vitabu viwili na sikuwahi kujiuliza hilo. Kisha nikamkumbuka mama mdogo, aliyenipeleka kwake Namboboto na kuninywesha uji pamoja na wanawe.

"Kwa mama yake mdogo," nikasema. "Alimwambia, njoo, hapa ni kwenu."

"Akashiba?"

"Akashiba kabisa."

Akafuta machozi, akatoka kucheza.

"Si uandike hivyo?" Wandera akaniuliza, kama vile wazo ni lake.

Nimeandika. Mama kiboko bado anakufa. Mchapishaji akikataa, shauri yake. Lakini kwanza nitaenda Namboboto nimsomee mama mdogo. Sijawahi kumwambia asante.