Herufi Zilizogoma Kufika Murongo

Mpendwa Dada Evaresta,

Kwa masikitiko makubwa nautangazia umma kwamba mikia ya herufi zangu imepotea njiani kati ya Nyakahanga na Murongo. Ndugu, jamaa na marafiki popote mlipo mpokee taarifa hii. Cheka tu, dada, lakini naomba msaada wako, kwa sababu mikia hiyo imeondoka na dada yangu.

Mimi nina duka la kuchapa kadi, na Jumamosi nafundisha kompyuta kwa vijana wa usharika, na mwaka huu nilinunua fonti ya maua, yaani herufi za kompyuta zenye mikia ya madaha, kwa leseni halali ya kompyuta moja, nikajivuna nayo mpaka mke wangu Eugenia akasema nimeoa mara ya pili, sasa binti yetu Ainembabazi anaagwa mwezi ujao kwenda kuolewa, nikapanga kadi yake kwa fonti hiyo, na kwa kuwa printa yangu imekufa nikatuma faili kwa rafiki yangu Telesfori wa Murongo, ambaye kompyuta yake ni ya mfumo mwingine na fonti yangu haimo, basi ikaweka herufi zake yenyewe, nene kama mikungu ya ndizi, maneno yakatanuka, mstari wa mwisho ukamwagika nje ya kadi. Kadi zikaja zimeshafungwa kwenye bahasha, nikazigawa kanisani bila kutazama.

Mstari uliokatika ulisema shangazi Deodatha ndiye atakayemkabidhi binti. Deodatha ni dada yangu mkubwa, yuko Rugu, alimlea Ainembabazi miaka minne Eugenia alipougua, na kwetu binti haondoki bila shangazi. Nilimpigia nikamweleza kwamba Telesfori kakosea. Akajibu, "Basi Telesfori amkabidhi," akakata simu.

Je, nimpe Telesfori nakala ya fonti tuchape upya, au nimwache dada apoe kwanza?

Elipidius, Nyakahanga

*

Baba Ainembabazi,

Pole, na pole yangu inaishia hapo.

Fonti usimpe. Leseni ya kompyuta moja ni ya kompyuta moja, hata kama mwenye ya pili ni rafiki. Soma leseni yako. Ikiruhusu, kama nyingi zinavyoruhusu, hifadhi kadi kama PDF yenye herufi ndani yake, na hapo kompyuta ya Telesfori iwe ya mfumo wowote, mikia itafika.

Hilo ni jambo la dakika mbili, kwa hiyo nakuuliza wewe mwalimu wa kompyuta: mchapaji anaona herufi zimebadilika na maneno hayaenei kwenye kadi, akae kimya? Mimi naamini alikupigia. Alikuambia nini, nawe ukamjibu nini? Barua yako ndefu, ila hilo halimo.

Dada yako hajanunia kompyuta. Panda bodaboda uende Rugu, usitume mtu. Sema shikamoo, kaa, na ulitamke ulilolificha kabla hujagusa chai. Kisha utuandikie.

Evaresta

*

Dada Evaresta,

Nimekwenda. Ukweli ni huu. Telesfori alinipigia kabla ya kuchapa. Alisema, "Mwalimu, herufi zako huku hazipo, mstari wa shangazi umekatika. Nitumie PDF." Nilikuwa mbele ya wanafunzi wangu, na PDF yenye fonti ndani sikujua inatengenezwaje. Nikaona aibu kuuliza. Nikamwambia achape hivyohivyo.

Nilimkuta Deodatha akimenya ndizi. Nilipomaliza kusema alinipa kisu na mimi nimenye.

"Telesfori alishaniambia tangu Jumatatu," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Jumamosi Telesfori alinielekeza kwa simu, mbele ya wanafunzi walewale, na walicheka walivyotaka. Kadi mpya zimetoka na mikia yote. Ila Deodatha ya kwake hakuitaka ya mashine, alitaka niiandike kwa mkono wangu. Aliigeuzageuza, akaniuliza kama mwandiko ule nao una leseni, kisha akaiweka kwenye Biblia yake.

Anakuja.