Kitabu cha Tisa Kimeniudhi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba mwanangu. Huku Ngamiani hatujambo. Mjomba wako amehamia Mabawa, na babu yako bado anabishana na daktari wa macho.

Umeuliza kama tuendelee na vile vitabu vya binti anayeulinda mji wake na majini wabaya, maana umechoka. Hata mimi cha nane kilinichosha kwa vita, na cha tisa kimeniudhi: yule jini fundi cherehani, niliyempenda tangu kitabu cha kwanza, kageuzwa mwovu bila sababu.

Lakini nilipokuwa msichana, mimi na dada yangu Saumu tulifuata hadithi kama hiyo gazetini kila wiki. Ilipoharibika nikamwambia, "Mimi basi, siisomi tena." Akaendelea peke yake, kisha akaolewa kijijini Moa. Mwaka uliofuata aliugua, nikaenda kumuuguza. Chini ya mto wake nikayakuta magazeti yote, yamekunjwa vizuri.

"Nisomee," akasema.

"Hadithi si imeharibika hii?"

"Imeharibika kabisa! Lakini tangu uache, sina wa kubishana naye."

Nikamsomea, tukacheka mpaka mama mkwe wake akaja kuchungulia. Alipona, alhamdulillahi, na tulibishana miaka mingi mpaka Mungu alipomchukua.

Basi ukichoka, acha, sitakukasirikia. Ila mimi cha kumi nimekianza jana, nimefika ukurasa wa arobaini, na tayari nina maneno ya kukuambia. Nipigie Ijumaa baada ya swala.

Bibi yako akupendaye,
Mwanahamisi