Kitanda Kimetandikwa, Mkwe Kalala Hemani

Bi Fakhriya, mshauri wetu, assalaam alaykum. Ukurasa wako nausoma kila wiki na nilikuwa nikiwacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika na naomba unisaidie, maana la kufanya nimelikosa na wa kumwambia sina. Mimi ni mwanamme wa Vitongoji hapa Pemba, nauza dawa katika duka moja pale Chake, nimeoa mwaka huu, mke wangu ni Asya, kwao Tumbe, na aliyemlea ni mama yake mdogo, Bi Mwatima, kwa sababu mama mzazi alifariki Asya akiwa bado mchanga, kwa hivyo mama mkwe wangu ndiye huyo. Mimi na Asya tunapendana, na hilo silisemi kwa kujisifu ila upate kujua ninachoogopa kukipoteza.

Tangu tulipochumbiana Asya alikuwa akinambia hamu yake moja ni kwenda kwa baiskeli mpaka mnara wa taa wa Kigomasha, tulale pwani kwenye hema usiku mmoja, kisha turudi zetu, na mimi nikaona nimtimizie, lakini mambo ya safari za namna hiyo siyajui, basi nikajiunga na kundi la waendesha baiskeli kwenye simu, humo yumo kijana mmoja, Fahmi, anayejua kila kitu, na kila alichotuma picha mimi nilikinunua, hema, mfuko wa kulalia, taa ya kuvaa kichwani, jiko la gesi, kiti cha kukunja, suruali fupi ya kubana yenye sponji makalioni, na baiskeli mbili za gia zenye matairi membamba na siti iliyochongoka mbele kama mdomo wa samaki chuchunge.

Asya alipoziona baiskeli alizizunguka, akauliza, "Keria i wapi?" Nikamwambia za kisasa hazina keria. Akauliza, "Na mnyororo mbona u wazi?" Nikamwambia wepesi ndio mpango. Siku tuliyofunga mizigo akanipa kikoi, akasema, "Chukua hichi, unakwenda ukweni weye," nami nikacheka, Bi Fakhriya, nikamwambia Fahmi kasema kila kisichokuwa na kazi ni uzito wa bure, nikakirudisha kabatini kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpango ulikuwa siku ya kwanza tulale Tumbe kwa Mama, siku ya pili ndio twende Kigomasha tukapige hema. Tukatoka vizuri, lakini tulipopita Ole, kwenye mlima, mnyororo ukala buibui la Asya, likachanika mpaka gotini, watu barabarani wanatazama, akalikusanya akajifunga kanga juu yake, akapanda akatangulia. Mlima wa mbele yake nikashuka mimi nisukume, ile ncha ya siti ikanikamata suruali kwa nyuma na nikasikia inapasuka kuanzia kiunoni, yaani imefunguka yote, na ndani nimevaa ile ya kubana ya Fahmi ambayo mtu hawezi kusimama nayo mbele ya watu, sembuse mbele ya mkwe. Nguo nyengine sikuchukua. Nikajifunga koti la mvua kiunoni, na Asya yuko mbele hakuona, na mimi sikumwambia, kwa sababu ningemwambia angenijibu neno moja tu, kikoi.

Tumefika Tumbe, Bi Mwatima katoka mpaka mlangoni, uso wote furaha. "Karibu mwanangu, pita ndani, kitanda nshakutandikia." Na kupita ndani ni kuvua viatu, kuinama, kumpa mgongo, kukaa mkekani, na koti lenyewe lafunika upande huu laacha upande wa pili. Nikababaika nikasema, "Nitalala hapa uani, mama, kwenye hema." Akanitazama. "Hema la n'ni, na nyumba hino n'nayo?" Nikamwambia nataka kulijaribu kabla ya Kigomasha. Akasema haya, mwanangu, kama ndivyo utakavyo, akarudi ndani polepole.

Chakula nikaletewa nje kwenye sinia, pweza wa nazi na wali, nikala peke yangu kwenye kile kiti cha kukunja kama mtu aliyekuja kupima barabara. Mume wa Bi Mwatima, Mzee Ngwali, akanipitia twende msikitini, nikasingizia tumbo, nikasali hemani nimejizungushia mfuko wa kulalia, jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi. Usiku Asya akalala ndani na Mama, na asubuhi jirani akaja na kumuuliza Mama, nami nasikia, "Bi Mwatima, mkweo kakukosa n'ni hata ukamlaza nje?" Nilipokuwa nakunja hema mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikakiona kitanda, mashuka mapya, asumini zimewekwa juu ya mto, zimeshanyauka.

Asya akanifuata pale, akanambia kwa sauti ndogo, "N'najua nyumba yetu ya udongo, na babu zako walikuwa na mashamba. Lakini mama kahama chumba chake kwa ajili yako." Kisha akapanda gari ya abiria akarudi zake, baiskeli yake akaiacha Tumbe, na Kigomasha hatukufika.

Wallahi sikuidharau nyumba yao, hilo halikunipitia hata kidogo. Sasa nyumbani ananipikia, ananisalimia, lakini nikigusia safari husema, "Baiskeli ikae huko huko." Juzi kanambia Idi atakwenda Tumbe peke yake, mimi nisisumbuke. Neno hilo limeniuma kuliko matusi.

Fahmi anasema kuna hema kubwa la watu sita, lina vyumba na pazia, nami nafikiri nilinunue nilipeleke Tumbe, tulale humo sote, mimi na Asya na Mama na Mzee Ngwali, waone kwamba hema ni jambo la heshima na sikuwa na nia mbaya. Je, ninunue hilo, au lipo bora zaidi? Na habari ya suruali, nimwambie Asya, au ni aibu ya kufa nayo mtu? Tafadhali majina yetu yabadilishe.

Muntasir, Vitongoji

*

Waalaykumu salaam, mwanangu Muntasir. Majina nimeyabadilisha, ingawa kwa watu wa Tumbe ni kazi bure, hema wameshaliona.

Kwanza nikuombe radhi, barua yako nimeisoma nikacheka mpaka nikaiweka chini. Nilipofika kwenye zile asumini kicheko kikaniishia. Mtu mzima kahama chumba chake, kachuma maua, kakuwekea juu ya mto, na asubuhi kayakuta vile vile. Pole nakupa, lakini wa mwanzo kupewa pole ni Bi Mwatima.

Unaniuliza hema lipi. Hebu kaa nikwambie. Unataka kumtoa mama wa watu katika nyumba yake, umlaze uani kwake mwenyewe nyuma ya pazia pamoja na mkwewe wa kiume, halafu uite heshima? Jirani yule aliyeuliza mara ya kwanza safari hii ataleta na wenziwe. Hema la watu sita lisahau. Hema ni la mahali pasipokuwa na mwenyewe. Penye mwenyewe, ukakaribishwa, ukatandikiwa, ukalala nje, hapa kwetu umeshasema neno hata kama hukufungua mdomo, na Asya kalisikia. Humlaumu kwa hilo, na mimi simlaumu. Kaolewa na kijana ambaye babu zake walikuwa na mashamba, na huko Tumbe bila shaka wako walionong'ona siku ya harusi. Weye ukaenda ukawapa ushahidi.

Sasa hili la suruali. Aibu ya kufa nayo mtu! Kijana, suruali iliyochanika ni kichekesho cha jioni moja. Nyumba ya mtu iliyodharauliwa ni jambo la kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Unayo dawa mkononi, muuza dawa mzima, unaificha kwa sababu utaambiwa "si nilikwambia"? Acha uambiwe. Ulistahiki kuambiwa tangu pale Ole.

Na kosa lako lenyewe, maana hujalitaja, au hujaliona, si siti wala si mlima. Nimewauliza watu wangu wa kaskazini kuhusu huyo mzee tuliyemwita Ngwali, nikaambiwa katika ujana wake alikuwa mchuuzi, akipakia samaki Tumbe na kuwasambaza kwa baiskeli vijijini. Maana yake nini? Maana yake umeoa mwanamke aliyekulia nyumba yenye baiskeli, anayejua keria ni ya nini na mnyororo unakula nini, aliyekuuliza maswali mawili ya maana kabisa siku ya kwanza, na la tatu akakupa mkononi, nawe ukamjibu kwa maneno ya Fahmi. Huyo Fahmi anamjua Bi Mwatima? Anaijua milima ya Ole? Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini na wa kumuuliza uwe unamjua. Safari ilikuwa hamu ya Asya, na katika mizigo yote ile hakuna kitu hata kimoja alichokichagua yeye.

Basi sikiliza vifaa, kwa kuwa ndivyo ulivyoviuliza na sitaki useme Bi Fakhriya kanigombeza akaniacha mikono mitupu. Baiskeli hizo mpelekeeni fundi aangalie kama ringi zinakubali tairi pana, na kama hazikubali ziuzeni, maana ukishaiacha lami kuelekea Kigomasha tairi jembamba litakuzamia mchangani. Ya Asya iwe ya kike, isiyo na bomba la kati, na mnyororo ufunikwe wote. Mwanamke wa Pemba anapanda na buibui lake, na baiskeli isiyolijua buibui si ya kwake hata ikiwa na gia mia. Keria ifungwe kwenye zote mbili, ya chuma, na mizigo ifungwe kwa mipira ya tyubu kama wachuuzi wanavyofunga, kwani mzigo wa mgongoni mlimani unakuvuta nyuma. Pampu, viraka na gundi yake visikosekane. Na siti hiyo ya mdomo wa chuchunge itoe leo, kabla haijakuvua nguo Chake mjini.

Hema ulilonalo usilitupe, ila kwanza liweke nyumbani kwenu uani, ulimwagie ndoo ya maji, ukae ndani uone kama linavuja. Liwe na wavu pande zote, kwa joto letu hema lisilopitisha upepo ni chungu cha kupikia. Ule mfuko wa kulalia umeshonewa watu wa baridi kali, mpe mtu anayelala jokofuni. Wavuvi wetu wanaokwenda dago, kupiga kambi visiwani, hulala kwenye mkeka na shuka mbili na wanaamka wazima. Maji chukueni zaidi ya mnavyodhani. Mkifika huko, piteni kwa sheha wa kijiji mjitambulishe, msilale chini ya mnazi, na hema likae juu kabisa, maji ya bamvua yakijaa yasiwakute. Jiko na taa sawa, ulinunua vizuri. Kile kiti cha kukunja mpelekee Mzee Ngwali, atakipenda.

Lakini yote hayo ni baada. Kabla ya Idi, na si siku ya Idi yenyewe penye wageni, mkalishe Asya umwambie habari ya suruali kuanzia mlimani mpaka kwenye mfuko wa kulalia, usipunguze. Suruali yenyewe kama hujaitupa mwonyeshe. Akicheka, usimkatize. Akikasirika zaidi kwa kuwa ulimwacha muda wote huu akidhani unawadharau, pia usimkatize, ana haki. Kisha mwombe akupeleke Tumbe, na neno nimelichagua, akupeleke, kwani kwa sasa njia ya nyumba ile anaijua yeye tu. Hema liacheni Vitongoji. Ukifika vua viatu, inama, pita ndani, mwambie Bi Mwatima kwa mdomo wako, usimtume Asya akusemee. Kula ndani. Nenda msikitini na mzee, majirani wakuone. Na usiku ukalale kwenye kitanda kile hata kama godoro lina bonde katikati, na asubuhi usiseme lilikuwa na bonde.

Kimebaki kifaa kimoja, cha kwanza kufungwa katika safari yoyote hapa kwetu, cha kusalia, cha kujifunika, cha kuvaa mbele ya mkwe suruali ikikuaibisha. Kimo kabatini mwako, ulikirudisha kwa mkono wako mwenyewe. Usikichukue. Mwambie Asya akupe tena, na safari hii useme ahsante.