Viondo vya Mabanga na Makato ya Posta

Jumatatu, 2 Machi 2009
Kitale. Nimeficha jambo kwa miezi saba. Nasimiyu wa Mabanga, Mama Kevin, mwanafunzi wangu wa zamani, husuka viondo, mimi naviuza kwenye soko la mtandaoni, naye anaamini tunapata faida. Hakuna faida. Kila kiondo kinakula hasara! Pengo naliziba kwa pensheni yangu. Sasa daktari anasema moyo umechoka. Nikienda, nani ataziba?

Jumatano, 4 Machi
Nasimiyu amepiga simu, anacheka. Ati amepata mtu wa kununua ng'ombe wake wa maziwa. Jumamosi huyo mtu anakuja kumchukua, pesa ziende kwa mkonge wa viondo mia moja. "Si ulisema vinalipa, Mwalimu?" Nikasema ndiyo. Ndiyo! Halafu kikohozi kikaniokoa.

Alhamisi, 5 Machi
Nimejikongoja hadi saiba, duka la intaneti. Jerono, mwenye saiba, akanichapishia makato. Hesabu ni ile ile. Nasimiyu namlipa 600. Mnunuzi analipa 750 za kiondo na 900 za posta. Soko linakata asilimia kumi, wanaopitisha malipo wanakata nne — na hawakati kwa 750 pekee! Wanakata kwa 1,650 yote, posta ndani. Shilingi 231. Posta ikichukua 900 zake, tunabaki na 519.
Jerono akachungulia. "Mzee, si upandishe bei tu? Hao wazungu wananunua viatu bei ya ng'ombe!"
Nikacheka mpaka kifua kikauma. Kwa 950, makato ni 259. Tunabaki na 691. Tukaweka kiondo kimoja kwa bei hiyo.

Ijumaa, 6 Machi
Kimenunuliwa! Binti yangu Kui, aliye Leeds, Uingereza, na mwenye akaunti ya soko, amenipigia. "Baba, hata hawakuuliza bei." Faida ya shilingi tisini na moja. Ya kweli, ya kwanza. Nimekunywa uji wote leo.
Lakini ng'ombe! Viondo mia moja kwa mpigo — nani atavinunua vyote? Aanze na kumi. Lazima nimwambie kabla ya kesho.

Jumamosi, 7 Machi
Nimempigia saa moja asubuhi. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa ameshafika bomani, kamba mkononi. Nikamwambia amngojeshe. Nikasema yote: hasara, pensheni, bei mpya.
Nikasikia ng'ombe akilia.
"Sasa Mwalimu, hiyo bei mpya mbona hukuweka mapema? Umejua lini?"
Ningeweza kusema juzi, pale saiba. Angeniamini.
"Agosti, Mama Kevin. Kiondo cha pili tu. Kupandisha bei ilikuwa kukuambia nilikosea asilimia za darasa la saba — zile zile nilizokuchapia viboko. Nikaona heri nilipe."

Hajakata simu. Mnunuzi anaita, yeye hajibu. Mimi naandika huku nimeishika sikioni.